Mchezaji gofu wa India hupitia mlango gani?

Agosti 2010, Arjun Atwal hakuwa na kadi. Mzaliwa huyu wa Asansol alikuwa Mhindi wa kwanza kupata uanachama wa PGA Tour ya Marekani, mwaka 2004, lakini majeraha yalimweka nje kwa muda mrefu na kadi yake, yaani haki ya kucheza mzunguko huo, ikakoma katikati ya msimu. Jumatatu ya wiki ya Wyndham Championship, mjini Greensboro, North Carolina, akaingia kwenye mchujo wa siku moja ambao huwakusanya watu wengi kugombea nafasi chache. Akapita. Alhamisi akacheza raundi ya mipigo 61, na Jumapili akalitwaa kombe kwa tofauti ya mpigo mmoja dhidi ya David Toms. Tangu 1986 hakuna aliyekuwa ameshinda shindano la PGA Tour akitokea mchujo wa Jumatatu.

Kisa hiki husimuliwa sana, na kinastahili. Ila kijana anayetaka kujua njia akikifuata atapotea, kwa sababu mlango wa Jumatatu ni mwembamba na unazidi kubanwa. Wengi wa Wahindi waliofika kwenye mashindano makubwa walipitia milango mingine isiyo na simulizi tamu: hesabu za pointi, kadi za mizunguko, na wiki mbili tatu za mwaka ambazo wakubwa wa dunia huja kucheza Delhi au Gurugram. Makala haya yanaeleza milango hiyo inavyofanya kazi. Kama unafuatilia gofu, au una mtoto anayepiga mpira vizuri na watu wameanza kukuambia “huyu atafika mbali”, inafaa kuijua kabla ya kulipa ada ya kwanza ya kujiandikisha.

Hakuna anayekutuma

Mpira wa miguu una FIFA, na timu ya taifa hupeleka wachezaji kwenye Kombe la Dunia. Gofu ya kulipwa haiko hivyo. Mashindano makuu manne yana wenyewe wanne tofauti. Masters ni ya klabu moja tu, Augusta National ya jimbo la Georgia. PGA Championship ni ya chama cha wachezaji na walimu wa gofu wa Marekani, PGA of America. US Open ni ya USGA, chama cha gofu cha Marekani. The Open, kongwe kuliko yote, iko chini ya R&A yenye makao St Andrews, Scotland. Kila mmoja hujiandikia masharti yake na huyabadilisha anapotaka.

Chini ya hayo manne kuna mizunguko ya mashindano ya kila wiki: PGA Tour huko Marekani, DP World Tour, ambayo wengi bado huiita ya Ulaya ingawa inazunguka hadi Afrika, Ghuba na Asia, Asian Tour, na nyumbani India, PGTI, iliyoanzishwa 2006. Rais wa PGTI tangu 2024 ni Kapil Dev, nahodha aliyeipa India Kombe la Dunia la kriketi mwaka 1983, jambo linaloonyesha pia gofu inavyohitaji kuazima umaarufu katika nchi hiyo ya kriketi. Indian Golf Union yenyewe hushughulika na wachezaji wa ridhaa. Ukishageuka kuwa wa kulipwa, unaingia kwa jina lako, pointi zako na pesa zako.

Hesabu inayoamua karibu kila kitu

Orodha ya ubora wa wachezaji wa gofu duniani ilianza 1986, na ndiyo ufunguo unaofungua milango mingi kwa wakati mmoja. Augusta hualika walio katika 50 bora mwisho wa mwaka, na tena wale walio katika 50 bora wiki moja kabla ya shindano. The Open na US Open nazo hutumia orodha hiyo kwa tarehe zake. PGA Championship, ambayo haina mchujo wa wazi, kwa desturi huita karibu wote walio katika 100 bora. Kwa hiyo mchezaji wa India akiwa wa 48, milango yote minne imefunguka. Akiwa wa 148, atatafuta njia za pembeni.

Orodha hiyo haijumlishi pointi tu, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Inahesabu miaka miwili iliyopita, yaani wiki 104. Pointi unazopata leo zina thamani kamili kwa wiki 13, halafu zinapungua kidogo kila wiki kwa wiki 91 zinazobaki hadi zitoweke. Jumla yake hugawanywa kwa idadi ya mashindano uliyocheza, lakini kigawanyo hakishuki chini ya 40 wala hakipandi juu ya 52. Mfano: mtu mwenye pointi 60 kwa mashindano 30 hapati wastani wa 2. Anagawanyiwa kwa 40, anabaki na 1.5. Aliyecheza mashindano 70 huhesabiwa 52 ya karibuni tu.

Kuna jambo la pili, na kwa mchezaji wa India ndilo zito zaidi. Hadi katikati ya 2022 kila mzunguko uliotambuliwa ulikuwa na kiwango cha chini cha pointi kwa mshindi, hata kama washiriki wake walikuwa dhaifu. Agosti ya mwaka huo utaratibu ukabadilika. Sasa thamani ya shindano hutokana na ubora wa kila aliyeingia uwanjani wiki hiyo, unaopimwa kwa mipigo yake ya miaka miwili. Wachezaji wazuri wakiwa wachache, pointi nazo ni chache, hata ukishinda kwa mipigo kumi. Mshindi wa shindano kuu hupata 100. Mshindi wa Players Championship hupata 80. Mshindi wa wiki ya kawaida ya PGTI huondoka na sehemu ndogo mno ya hapo.

Watetezi wa utaratibu huu husema ni wa haki kwa sababu unapima mchezo wenyewe. Kihesabu wana hoja. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kushinda mara nne nyumbani ndani ya msimu na bado asiione Augusta hata kwa mbali, huku mwenzake aliyeshika nafasi ya nane mara mbili Ulaya akimpita kwenye orodha. Huwezi kujenga pointi nyumbani kisha uzipeleke nje. Unapaswa kutoka kwanza.

Angalia waliofaulu na tarehe zao. Jeev Milkha Singh, mtoto wa mkimbiaji Milkha Singh aliyeshika nafasi ya nne katika mita 400 za Olimpiki ya Roma 1960, alishinda China Open na Volvo Masters ya Valderrama ndani ya mwaka mmoja, 2006, akaingia 50 bora, na Aprili 2007 akawa Mhindi wa kwanza kucheza Masters. Anirban Lahiri alishinda Malaysia na kisha Indian Open, yote mwezi Februari 2015. Aprili alikuwa Augusta, na Agosti akamaliza katika nafasi ya tano kwa sare kwenye PGA Championship, matokeo bora ya Mhindi katika mashindano makuu. Shubhankar Sharma alishinda Joburg Open Desemba 2017 na Maybank Championship ya Malaysia Februari 2018. Machi, akiwa na miaka 21, aliongoza shindano la dunia la Mexico baada ya raundi tatu, mbele ya karibu kila jina kubwa unalolijua. Siku chache baadaye Augusta wakampa mwaliko maalumu.

Kwa wote watatu ushindi ulikuja kwa mkupuo, katika mashindano yenye washiriki wazito, na waliutumia ukiwa bado mbichi. Wiki 13 za mwanzo baada ya ushindi ndizo za kuandika barua za kuomba mialiko, kubadilisha ratiba na kununua tiketi za ndege. Anayerudi nyumbani kupumzika hukuta pointi zimeanza kupungua.

Mlango wa nyumbani

Kwa mchezaji anayeanza, PGTI ndiyo shule. Mashindano yake mengi yana zawadi ya jumla ya rupia milioni 10, na kila wiki yupo mtu aliyekulia uwanjani akibeba mifuko ya wengine. Utamaduni huo ni wa zamani. India ina klabu ya gofu kongwe kuliko zote nje ya Uingereza, Royal Calcutta, ya mwaka 1829, na kwa miaka mingi waliocheza vizuri kuliko wanachama walikuwa makedi, yaani wabeba mifuko hao, na watoto wa watunza nyasi. Ali Sher, kedi wa Delhi, ndiye Mhindi wa kwanza wa kulipwa kushinda Indian Open, mwaka 1991. C. Muniyappa, kedi wa Bangalore, aliishinda 2009. S.S.P. Chawrasia ni mtoto wa mtunza nyasi wa Royal Calcutta. Mwaka 2008 alishinda Indian Masters pale Delhi Golf Club, shindano lililotambuliwa na mzunguko wa Ulaya, na kwa ushindi huo mmoja akapata kadi ya Ulaya.

Kisa cha Chawrasia ndicho ningempa kijana asome kabla ya kile cha Atwal. Indian Open, iliyoanza 1964, siku hizi huchezwa katika uwanja wa DLF, Gurugram, chini ya DP World Tour, na wachezaji kadhaa wa PGTI hupewa nafasi humo. Oktoba 2025 ikaongezeka DP World India Championship ya dola milioni 4 pale Delhi Golf Club. Rory McIlroy alikuja, Tommy Fleetwood akashinda. Zipo pia wiki za HotelPlanner Tour, zamani Challenge Tour, ngazi ya pili ya Ulaya, zilizofika hadi Royal Calcutta. Hizi ndizo siku chache ambazo pointi nzito zinakufuata nyumbani. Unacheza kwenye nyasi unazozijua, hakuna viza, umelala kitandani kwako. Asiyepanga msimu wake mzima kuzielekea siku hizo anacheza vibaya kabla hajapiga mpira wa kwanza.

Mlango mwingine ulifunguka 2022, DP World Tour ilipokubaliana na PGTI kwamba anayeongoza orodha ya mapato ya mwaka atapata kadi ya Ulaya. Manu Gandas akawa wa kwanza, akafuata Om Prakash Chouhan wa Mhow mwaka 2023, kisha Veer Ahlawat 2024. Ni hatua kubwa, kwa sababu mtu anaweza sasa kutoka Mhow hadi Dubai bila kupita chuo cha Marekani wala mchujo wa Hispania. Tahadhari ni moja: kadi hizi zina madaraja. Mwenye kadi ya namna hii husimama chini ya wengi kwenye orodha ya kuingia, na mashindano yenye zawadi kubwa zaidi yanaweza kujaa kabla hajafikiwa.

Michujo ya kupata kadi

Anayekosa kuongoza PGTI hubaki na michujo inayoitwa shule, ingawa hakuna anayefundishwa chochote. Ile ya Asian Tour humalizikia Hua Hin, Thailand, na hutoa kadi 35 hivi. Ni ya bei nafuu kuliko nyingine, iko karibu, na mzunguko huo ndio uliowalea Jeev, Jyoti Randhawa, Lahiri na Gaganjeet Bhullar. Ile ya DP World Tour ina hatua tatu, na ya mwisho ni raundi sita, mashimo 108, karibu na Tarragona, Hispania, kwa kadi 20 hivi. Jeev alipita mchujo huo 1997 na kuwa Mhindi wa kwanza katika mzunguko wa Ulaya.

Marekani ni ngumu zaidi. Kuanzia msimu wa 2026 wenye kadi kamili ya PGA Tour ni 100, badala ya 125 waliokuwepo. Kutoka nje unaingia kwa njia tatu kuu: nafasi 20 za Korn Ferry Tour, ngazi yao ya pili, nafasi 5 za mchujo wao wa mwisho wa mwaka, na nafasi 10 kwa wachezaji wa DP World Tour wasio na kadi ya Marekani. Ushauri wangu kwa Mhindi asiye na mizizi Marekani ni hiyo ya tatu. Kupitia Ulaya ni safari ndefu, lakini wakati unaisubiri Marekani unalipwa na unakusanya pointi. Lahiri aliingia 2015 kwa kupitia ngazi ya pili ya Marekani, ila tayari alikuwa mchezaji mkubwa.

Mashindano makuu, moja baada ya jingine

US Open ndiyo iliyo wazi kuliko yote kwa maandishi. Mtu yeyote wa kulipwa anaweza kujiandikisha, pamoja na wa ridhaa wenye handicap isiyozidi 0.4. Wanaojiandikisha kwa mwaka hupita 10,000. Kuna mchujo wa mashimo 18, kisha wa mashimo 36 kwa siku moja, na baadhi ya vituo vya mwisho viko nje ya Marekani, kwa mfano Uingereza na Japani.

The Open ina mchujo wa mashimo 36 kwa siku katika viwanja vya Uingereza, na pia hutoa nafasi katika mashindano teule ya mizunguko mbalimbali. Hapa ndipo wiki ya mwisho inapoweza kukuokoa. Julai 2012 Jeev alishinda Scottish Open pale Castle Stuart kwa kumshinda Francesco Molinari kwenye shimo la ziada, akapata tiketi ya The Open iliyochezwa wiki iliyofuata. Shubhankar alimaliza wa nane kwa sare mwaka 2023 pale Hoylake, matokeo bora ya Mhindi kwenye The Open, na kwa kuwa kumi bora hurudi bila mchujo, mwaka uliofuata alikuwa Troon.

Masters haina mchujo. Kuanzia 2026 Augusta na R&A wameanza kuwapa nafasi washindi wa mashindano ya wazi ya Scotland, Hispania, Japani, Hong Kong, Australia na Afrika Kusini. Indian Open haimo. Mshindi wa Gurugram anapata kadi na pesa, lakini kwa Augusta anabaki kutegemea orodha ya dunia au huruma ya waandaaji. Ninaona hilo ni pengo, ukizingatia ukubwa wa soko ambalo kila mmoja wao anasema analitamani. Kwa walio bado ridhaa upo mlango mwingine: bingwa wa Asia-Pacific Amateur, shindano lililoanza 2009, hupata Masters na The Open pamoja. Hadi 2025 hakuna Mhindi aliyelitwaa. Mwenye miaka 18 asikimbilie kulipwa kabla ya kulijaribu.

Vipi kuhusu LIV, mzunguko unaoshindana na PGA Tour? Lahiri alikwenda huko Agosti 2022, miezi michache baada ya kumaliza wa pili kwenye Players Championship nyuma ya Cameron Smith kwa mpigo mmoja. Pesa ni nyingi. Lakini katika misimu yake ya mwanzo LIV haikutoa pointi za orodha ya dunia, na aliyekwenda aliziona pointi zake za zamani zikiyeyuka wiki baada ya wiki. Mtu wa miaka 35 mwenye familia ana sababu zake. Kijana wa miaka 22 ambaye hajacheza shindano kuu hata moja afikiri mara mbili.

Mambo ya kawaida yanayowaangusha

Viza kwanza. Mwenye pasipoti ya India anayepanga wiki ya Afrika Kusini, kisha Kenya, kisha Ulaya, ana maombi matatu ya kushughulikia, na mwaliko wa dakika za mwisho haungoji ubalozi. Wanaocheza Ulaya hujitahidi kupata viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi kabla ya msimu. Pili, wiki ambayo umechujwa Ijumaa hailipi kitu, lakini ndege, hoteli na kedi vimeshalipiwa. Kabla ya kusaini na mdhamini, uliza kama analipa gharama au analipa matokeo. Wenye matumaini ya Olimpiki wana mpango wa serikali ya India unaojulikana kama TOPS, ambao umewasaidia wachezaji wa kike kama Aditi Ashok na Diksha Dagar.

Olimpiki yenyewe ni mlango rahisi kuliko inavyoonekana. Nafasi ni 60 kwa wanaume na 60 kwa wanawake, na nchi hupata watu wawili, au hadi wanne iwapo wote wako kwenye 15 bora. Kwa hiyo Wamarekani na Wakorea wengi hukatwa, na mtu aliye mbali sana kwenye orodha huingia. Udayan Mane aliingia Tokyo baada ya Emiliano Grillo wa Argentina kujitoa. Aditi alikwenda huko akiwa wa 200 duniani, akamaliza wa nne.

Kwa wanawake njia ni fupi zaidi, na Aditi ndiye aliyeionyesha. Desemba 2015, akiwa na miaka 17, alishika nafasi ya kwanza kwenye mchujo wa mzunguko wa wanawake wa Ulaya, nchini Moroko. Mwaka uliofuata akashinda Indian Open ya wanawake, kisha akapata kadi ya LPGA ya Marekani. Februari 2023 alishinda Magical Kenya Ladies Open pale Vipingo Ridge, Kilifi, kwa mipigo tisa. Diksha, asiyesikia tangu utotoni, alishinda South African Women's Open 2019 na shindano la Ucheki 2023.

Kwa hiyo msomaji wa Mombasa au Nairobi hana haja ya kusafiri mbali kuona milango hii ikifanya kazi. Kenya Open ya wanaume, ambayo imekuwa ikichezwa Karen na Muthaiga, kwa kawaida huwa Februari au Machi, wiki chache kabla ya Masters. Orodha ya washiriki hutolewa mapema, ikiwa imepangwa kwa madaraja ya kadi. Tafuta bendera ya India, kisha tazama jina liko sehemu gani. Wa juu wameingia kwa ushindi wa zamani au nafasi zao za mwaka uliopita. Wa chini zaidi ni wa mchujo na mialiko. Walio kwenye orodha ya akiba hungoja simu, na simu hiyo huweza kulia Jumatano jioni, mtu akiwa bado Delhi.